Furaha, Umejibu Ndiyo kwa Yote

Furaha, binti yangu uliye mjini,

Mwenzangu wa hapa kwenye machimbo ya Walikale amenisomea mara mbili lile tangazo la kazi ulilonitumia. Wanatafuta mtu mmoja wa kubuni mabango. Huyo mmoja awe anajua pia kupiga picha, kutengeneza video, kuunda tovuti, kuandika Kifaransa na Kiingereza. Awe na uzoefu wa miaka saba, na umri usizidi ishirini na mitano. Mwenzangu akasema: "Kaka, hawa wanatafuta muntu ao wanatafuta kijiji?" Tulicheka. Kisha nikasikiliza ujumbe wako wa sauti: "Papa, nimejibu ndiyo kwa yote. Wameniita Jumatatu." Kicheko kikaniisha.

Unakumbuka ukuta wa jikoni kwetu kule Nyabiondo? Ulichora kwa makaa mkasi wa Mama Sifa, mshonaji, mama yako akafoka: "Huyu mutoto atamaliza ukuta!" Lakini Mama Sifa alipouona alikuletea bati na rangi nyekundu, umchoree bango la mlangoni. Hakukuuliza vyeti. Siku ya soko mzee mmoja alisimama mlangoni kwake na suruali iliyopasuka: "Kusoma sijui, lakini mukasi naona." Uliuminya mkono wangu hadi ukauma.

Sasa nikuambie nililomficha hata mama yako. Nilipofika huku, shefu, mkubwa wa shimo, aliniuliza, "Unajua kusimamisha miti ya kuzuia udongo mu shimo?" Mimi, mkulima wa maharage, nikajibu ndiyo kama wewe: "Njo kazi yangu, shefu." Siku ya nne udongo ulishuka. Bahati, mchimbaji aliyekuwa chini, alitoka hai, ila mguu wake haukupona. Hadi leo ananiita kaka. Hajui ni miti yangu. Tangu hapo nabeba mifuko tu, na mti wowote ukilia, natupa mfuko nakimbilia nje.

Najua bango haliui mtu. Bado naogopa. Naogopa saa watakapokuwekea kompyuta mbele, wakutazame ukishindwa. Naogopa pia useme kweli, ukose kazi, kisha uje huku kutwanga mawe kama wasichana wa umri wako ninaowaona kila asubuhi. Sijui hofu ipi ni kubwa.

Nenda Jumatatu. Beba lile bati la mkasi alilokuachia Mama Sifa alipoacha kushona. Waambie unajua hili, mengine hujui. Wakikufukuza, usije huku. Rudi kwa mama yako.

Kesho nitamwendea Bahati nimwambie. Siwezi kukutuma mahali nisipothubutu kwenda mwenyewe. Niombee, nami nakuombea.

Papa yako, mbeba mifuko