Mwaka wa Kwanza Bila Gitaa la Darrel Kubena

Mwaka umetimia, Darrel, tangu ukate roho mikononi mwetu hapa Hallettsville, na bado hatujajua kukaa bila wewe.

Ulianza ujanani kwenye ukumbi wa dansi, ukimsindikiza kwa gitaa marehemu baba yako, aliyepiga kodiani nyimbo za dansi za polka. Baadaye ukachanganya nyimbo za kantri na magitaa ya umeme. Redio za kantri zikasema unapiga makelele. Vilabu vya roki vikasema wewe ni mshamba. Ulicheka tu, ukasema umepata maadui pande zote mbili.

Kampuni ya kurekodi ya Nashville ilikutaka uuondoe kwenye albamu wimbo wa jinsi kaka yako Leonard alivyopoteza shamba la pamba. Ukakataa. Wakaifungia albamu nzima ghalani, nawe ukarudi barabarani na gari lako bovu, ukiimba kwenye baa za Texas yote. Kila uliporudi, kabla hata ya kuvua viatu, ulimwimbia binti yako Maribeth ulichotunga njiani, huku ukitafuna mikate ya plamu aliyooka mama yako.

Kisha ugonjwa wa neva ukaulegeza mkono wako wa kushoto. Mkeo Noreen akajifunza kukushikia nyuzi: yeye akibana, wewe ukipiga, gitaa moja watu wawili. Ugonjwa ukapanda hadi ulimini.

Jumapili ile ya mwisho ukumbini, maneno yako yakivutika, bwana mmoja alipaza sauti akitaka ushushwe jukwaani, eti umelewa. Ukaegemea maikrofoni.

“Sijalewa, ndugu yangu. Naumwa. Nivumilie ubeti mmoja tu.”

Ukauimba. Yule bwana akavua kofia, akalia mbele za watu.

Mlipofika nyumbani ulimwambia Noreen, “Mke wangu, usiniache nikanyamaza.”

Tulihangaika kwa kila daktari, tukaomba kwa magoti hadi yakauma. Ukanyamaza. Miezi ya mwisho ulisema nasi kwa macho peke yake. Mengine tuliyaelewa: maji, dirisha, mto. Lakini kuna jambo ulilotuambia tena na tena, machozi yakikutoka, na hakuna kati yetu aliyelijua. Hadi leo tunaulizana. Tusamehe.

Unakumbukwa na mkeo Noreen, binti yako Maribeth, mama yako Albina, kaka yako Leonard na wanamuziki wenzako wote.

Hatutakusahau, Darrel, hata siku ambazo kusahau kungetupumzisha.