Msimu wa Kushuka Stoo

Jumamosi, 1 Julai

Tumeshuka. Kila msimu wa wageni ukianza ni hivi hivi. Mwenye nyumba anaichukua fleti yetu awapangishe watu wa likizo, sisi tunahamia stoo ya chini, kando ya pampu ya maji. Ndiyo maana kodi yetu ni nafuu. Fleti ni yetu mpaka ufukwe uchangamke, basi. Halafu ni godoro, begi na sufuria mbili, twende chini.

Mume wangu anasema ni kama kupiga kambi. Kambi! Yeye ni fundi bomba, mchana kutwa yuko kwenye mahoteli ya ufukweni akizibua masinki ya watu. Mimi ndiye nitakayepanda kila asubuhi kusafisha fleti za jengo zima, na yangu ikiwemo. Nabisha hodi kwangu mwenyewe!

Nimepiga deki mpaka mgongo unalia. Nimekiaga kiti changu cha dirishani, kile chenye mguu unaolia mtu akikaa. Mume wangu hakikalii kamwe, hata nikiwa sokoni. Anasema hicho ni cha bosi.

Jumapili, 2 Julai

Mgeni kaja. Peke yake! Nilitegemea familia, na watoto wa kupaka kuta uchafu — hao hukaa siku chache wakachokana wakaondoka. Huyu ni mwanamke wa rika langu, kofia pana ya majani, masanduku mawili mazito. Mume wangu ndiye aliyeyapandisha, yote kwa mpigo! Huyu huyu ambaye jana godoro letu lilimshinda, eti mgongo, mgongo.

Nimempa jina: Kofia. Hata si mrembo. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mrembo ningejua la kumwambia mume wangu.

Stoo iko chini ya fleti yetu kabisa, kwa hiyo nasikia kila kitu. Ndara zake. Mlango wa kabati. Akifungua bomba la jikoni, maji yanapita ndani ya ukuta huu hapa, kichwani pangu. Akikaa kwenye kiti changu kinalia kidogo tu. Mwepesi yule.

Jumatano, 5 Julai

Kahamisha vitu jikoni! Chumvi kaiweka karibu na jiko. Vikombe kavitundika. Visu viko droo ya juu. Miaka yote nazunguka meza nikifuata chumvi, na sijawahi kuwaza kuwa chumvi inaweza kusogea. Nilisimama pale na ufagio, roho inaniuma. Mpangilio wake ni mzuri kuliko wangu. Nusura nilie mbele ya kopo la chumvi.

Akasema, dada, vikombe niachie, nitaosha mwenyewe, hebu kaa kidogo upumzike. Akanivutia kiti. Kiti changu! Ananikaribisha kwenye kiti changu! Nikasema asante, nina kazi.

Anashona magauni ya harusi, huko kwao. Kachoshwa na mabibi harusi, kaja kupumzika. Ana cheko — zito, la kutoka tumboni, hata ukimchukia unatamani kucheka naye. Nimelichukia cheko hilo pia.

Ijumaa, 7 Julai

Kofia kaongeza muda. Mwenye nyumba anasema kaipenda fleti, hasa jiko.

Basi nilipopanda kusafisha, mwenyewe alikuwa ameenda kuogelea, na spana ya mume wangu ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Imeingiaje? Mimi sijui. Nimemshikia mume wangu tochi chini ya masinki mengi, mikono imejifunza. Nikafunga koki ya chini, nikafungua bomba la jikoni, nikakitoa kile kimpira cha ndani kinachozuia maji, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Sasa linadondoka. Tone. Tone. Nalisikia mpaka huku ukutani, na leo nimekula kwa hamu. Nani anakaa likizo na bomba linalodondoka? Atafungasha mwenyewe.

Jumamosi, 8 Julai

Mimi mjinga! Mjinga wa kuchongwa! Bomba likiharibika anaitwa nani? Fundi bomba. Na fundi bomba wa jengo hili ni nani? Akili zangu zilikuwa wapi, jamani?

Kofia kashuka asubuhi, kagonga mlango wa stoo. "Kaka, samahani sana, bomba linanisumbua." Kaka huyo! Hata chai hakumaliza. Kazi yenyewe ni ya kuhesabu moja mbili umemaliza. Chai yake ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Juu, cheko la Kofia. Kisha cheko la pili — la mume wangu. Nilidhani nalijua lote cheko lake. Hili lilikuwa na vipande sijawahi kuvisikia.

Karudi ananukia kahawa. Eti mgeni yule ni mtu wa watu. Eti ana mikono ya kifundi, alimshikia tochi vizuri kabisa.

Alimshikia tochi! Tochi ni kazi yangu!

Jumatatu, 10 Julai

Msusi wa saluni ya mbele ya jengo kanisimamisha. Shoga, anasema, siku hizi mumeo ananyoa ndevu kila asubuhi, kwani masinki yameanza kuchagua? Wakacheka wote na wateja wake, nami nikacheka, tena kwa sauti.

Nimefika nyumbani nikashika wembe wake. Umelowa.

Jumatano, 12 Julai

Leo nilitumia akili. Si bomba — dirisha! Dirisha si kazi yake, ataitwa seremala, mzee wa watu na kikohozi chake. Nimelegeza skrubu za komeo la dirisha la sebuleni, upepo wa baharini ulibamize mpaka Kofia akome.

Nani kapanda jioni na bisibisi? Kapanda ngazi anapiga mluzi. Kwani seremala yuko wapi? "Seremala kazi zimemzidi msimu huu, nimemsaidia tu." Huruma gani hiyo iliyoanza wiki hii?

Nimemwuliza mlikuwa mnazungumza nini muda wote huo. "Vitambaa," anasema. Vitambaa! Mtu ambaye hajui amevaa shati la rangi gani mpaka alivue!

Alhamisi, 13 Julai

Nimekitoa kimpira tena. Najua. Usiniulize.

Ijumaa, 14 Julai

Kapanda, katia kimpira kipya. Nimemnunia tangu asubuhi. Hajaona kuwa nimenuna.

Jumapili, 16 Julai

Mwenye nyumba kaja hapa stoo, meno yote nje. Kofia anaitaka fleti mwaka mzima! Atahamishia cherehani yake pale dirishani, mwanga ni mzuri. Na unajua kwa nini kaipenda hivyo? Mwenye nyumba kaniambia kwa furaha, kama ananipa zawadi: eti hajawahi kuona jengo ambalo kitu kikiharibika tu, fundi huyo hapo. Na usafi wake! Usafi wangu mimi!

Nimejipalia makaa mwenyewe. Na koleo nilishika mwenyewe.

Nikauliza, na sisi? "Nyinyi mtabaki huku huku, si mmeshazoea? Nitapaka rangi." Rangi! Pampu hii ikiwaka hata meno yanatikisika.

Limebaki jambo moja. Kofia ana wasiwasi na lile bomba la jikoni — limeharibika mara mbili, asije akasaini mkataba kumbe mabomba yote ni mabovu. Kwa hiyo kesho jioni mume wangu apande, alikague, aseme mbele yao. Akisema ni mazima, Kofia anasaini hapo hapo. Akisema ni mabovu, anatafuta kwingine, nasi tunarudi juu.

Kumbe yote yako mdomoni mwa mume wangu! Nikamngoja tule. Nikamwambia, sema ni mabovu, sema ukuta mzima unatakiwa kuvunjwa. Kaendelea kutafuna. Nikasema tena. Kasema, nimesikia, mke wangu. Amesikia! Hata redio inasikika.

Nikawaza: yule asiposaini anaondoka. Akiondoka, kahawa imekwisha na cheko limekwisha. Mume wangu anataka aondoke? Nikapanda leo leo, Kofia akiwa ufukweni, nikakitoa kimpira mara ya tatu. Angalau fundi akifika akute bomba linavuja mbele ya watu.

Jumatatu, 17 Julai

Naandika nikiwa nimekalia ndoo, mgongo ukutani. Mume wangu yuko juu sasa hivi.

Kabla ya kupanda alivaa shati la kutokea. La kukagulia bomba! Nilikuwa nataka kusema, akaninyooshea kiganja. "Nipe."

Nikupe nini?

"Kimpira. Hakuna kimpira kinachotoka bombani kwa miguu yake. Nilijua tangu cha kwanza."

Nikasema, kama ulijua, mbona ulikuwa unapanda? Mbona unakaa huko? Mbona unacheka?

"Ningemwambiaje, mke wangu ndiye anayekuvunjia vitu? Nilikuwa namzuga asije akashtuka." Kisha akaongeza, chini chini, "Na kahawa yake ni nzuri."

Nani alimwuliza habari ya kahawa? Alikuwa amejitetea vizuri, nilikuwa nimeshaanza kumwamini. Kwa nini akaongeza kahawa?

Akasema nimsikilize. Akisema mabomba ni mabovu, mwenye nyumba atauliza fundi wake alikuwa anatengeneza nini, na maneno yatafika hotelini, kazi zitapungua. Akisema ni mazima, hatupandi tena ngazi ile. "Juu ni kwako zaidi kuliko kwangu. Niambie wewe nikaseme nini, nitasema hilo hilo."

Nilitakiwa kusema neno moja. Sema mabovu, turudi kwetu. Basi! Neno lilikuwa mdomoni. Mdomo ukafunguka nikajisikia nasema:

"Alikuwa anakushikia tochi amesimama, au amechuchumaa karibu yako?"

Akanitazama. Hakucheka, hakukasirika. Nikampa kimpira. Akakitia mfuko wa shati, akapanda. Hakupiga mluzi.

Nasikia sauti ya mwenye nyumba. Ya Kofia. Ya mume wangu, fupi, sishiki hata neno. Tone bado linadondoka hapa kichwani pangu. Liache, baba. Liache lidondoke, wasikie wenyewe, huhitaji hata kusema kitu.

Koki imefungwa. Chuma kwa chuma — spana.

Bomba limefunguliwa. Maji yamepita ukutani, mengi. Limefungwa.

Nangoja tone.

Hakuna tone.

Mwenye nyumba anashuka ngazi, namjua kwa viatu vyake. Anaimba. Yuko peke yake.

Mume wangu hajashuka. Vikombe vinagongana, vile vya kutundikwa. Sasa kiti kinaburuzwa. Ni changu, cha dirishani. Kofia akikikalia kinalia kidogo tu.

Kimelia kwa nguvu.