Mfenesi Niliouotesha Kama Mpunga

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mke wangu Levina anarudi kutoka Mofu, na mfenesi aliouacha na majani kumi na moja sasa una manne, yote ya njano. Mche huo aliuotesha marehemu mama yake kule Idete, mti uliouzaa ukasombwa na mafuriko, kwa hiyo ndio huo tu uliobaki, tukauhamishia uani kwetu hapa Kibaoni mwezi uliopita, na mimi, niliyewakemea magazetini wakata miti wa bonde letu zima, nikamwambia Levina, "Nenda kwa dada yako, mti niachie mimi," akasema, "Baba Agnella, maji mara mbili kwa wiki, usizidishe," nikamhutubia robo saa kuhusu ukame duniani, na alipoondoka nikauzungushia tuta kama jaruba la mpunga, nikajaza maji asubuhi na jioni, uliponyauka nikaongeza, nikaung'oa mara mbili kukagua mizizi, hadi jirani yangu Fridolin akachungulia, "Mzee wa magazeti, hapo unafuga kambale?" nami nikamjibu kwa hoja sita. Sokoni nimeona mche unaofanana nao kabisa. Niubadilishe kimya kimya?

Mwenye jaruba, Kibaoni

Mwenye jaruba, pole, ila pole nyingi nampa mfenesi. Inaonekana umekulia kwenye mpunga ukadhani kila mmea unapenda kusimama majini. Mizizi inahitaji hewa. Wewe umeizamisha, kisha ukaitoa nje mara mbili kuijulia hali.

Bomoa tuta leo, uchimbe mfereji maji yaondoke. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: ukiona kijani, mti ungali hai. Usiung'oe tena hata ukiota ndoto. Uwekee kivuli, tandaza nyasi kavu zisiguse shina, na usimwagilie mpaka uchomeke kidole udongoni ukute pakavu. Mbolea sahau kwanza.

Mche wa sokoni uache sokoni. Huenda Levina asigundue. Lakini siku mti huo utakapozaa, atakula fenesi akitafuta ladha ya mama yake, nawe utakuwa umekaa pembeni unajua. Hoja zako sita hazitakusaidia hapo.

Mpigie simu leo, usingoje Jumamosi. Sema, "Nimezidisha maji." Kisha nyamaza, umsikilize. Ni maneno mawili tu, na najua kwako hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kuokoa mti.