Aspirini Kabla ya Magharibi

Jumapili, 1 Aprili 1990

Baba kashikwa na kifua tena, mara tu baada ya kufuturu. Eti kiungulia, mihogo ilizidi nazi. Kiungulia gani hicho kinachomtoa mtu jasho mpaka fulana inalowa? Na bega la kushoto analisugua tangu juzi, anasingizia cherehani. Cherehani ipi! Tangu mitumba imwagike, nani hapa Makorora anashonesha suruali?

Nimemwambia asipokuja kwetu hospitali kesho, namwita Shangazi Mwanamwema aje alie mlangoni. Kakubali haraka.

Jumatatu, 2 Aprili

Daktari Edgar kampima kwa mashine ya moyo. Waya za mikono na miguu tu. Ndivyo tufanyavyo siku hizi — karatasi ya mashine imebaki kidogo, nyingine haijulikani itapatikana lini, basi za kifuani tunaziruka. Mistari shwari. Edgar kasema huenda ni tumbo. Alhamdulillahi! Nimemrudisha nyumbani, njiani kanicheka kwa woga wangu.

Jumanne, 3 Aprili

Kaanguka akitawadha. Jirani yetu Uweso kamleta kwa mkokoteni. Mkokoteni, babangu!

Nikamwambia Edgar leo waya za kifuani pia, karatasi na iishe. Hakubisha. Ilipotoka akaniita nione. Kila pigo la moyo, mstari ukishachoma juu unatakiwa ushuke utulie. Huu haukushuka. Umebaki juu, umepinda kama mgongo wa paka. Waya zote za mbele ya kifua ni hivyo hivyo. Mshipa umeziba, sehemu ya mbele ya moyo inakufa. Jana huko hatukuangalia. Ya Rabi, hatukuangalia!

Edgar kataka atafune aspirini papo hapo, damu isizidi kuganda. Baba kakataa. Kafunga! Sindano ya maumivu kaipokea, eti sindano haifunguzi. Nikamwambia mgonjwa ana ruhusa, siku atailipa. Wapi! Hajaacha saumu tangu utotoni, haanzi leo kwa kidonge cha kichwa. Nimembembeleza. Nimelia. Nimemfokea mzazi wangu mbele ya wodi nzima, Mungu anisamehe. Kaubana mdomo kama mtoto.

Jumanne hiyo hiyo, alasiri

Sindano ilimlaza. Nikavuta pazia la dirisha. Kazinduka hajui ni saa ngapi, kauliza kama kumeadhiniwa.

Nikasema ndiyo, Baba. Magharibi.

Kasema bismillahi. Tende kwanza, kisha aspirini, kaitafuna mpaka ikaisha. Kanishika mkono, kaniombea dua kwa kumfuturisha. Roho iliniuma, lakini kameza! Kameza!

Maji hajayamaliza, muadhini wa msikiti wa jirani akaanza kuadhini alasiri. Baba akatazama pazia. Mwanga umejaa pembeni pote. Akanitazama mimi.

Kaugeukia ukuta. Edgar kaja na waya zake, kaniambia nimgeuze alale chali, apime tena. Namwita. Baba? Haitiki, na sijui ni hasira au —