Usiipulizie Pete Yako

Mama, shikamoo. Huku Matombo mvua haijakatika tangu nifike, na ndizi zao za kuchoma, nakwambia, hazina mfano.

Leo mwenyeji wangu, Mama Anjela, kanionyesha yakuti aliyoichekecha mwenyewe mtoni. Nyekundu kama punje ya komamanga! Kumbe huzaliwa ndani ya marumaru: joto la chini ya milima hii liliupika mwamba, maji yakaja kuubomoa. Halafu ni ngumu, inakwangua chupa kama msumari kwenye sabuni.

"Utajuaje si kioo?" nikamuuliza. Akaipulizia, haa! Ukungu ukatoweka papo hapo. Akaipulizia bangili yangu ya kioo, ukungu ukang'ang'ania.

"Yakuti haikai na ukungu, mwanangu."

Nikakumbuka pete yako, ile aliyokununulia marehemu baba dirishani mwa basi pale stendi ya Msamvu, akaapa jiwe lake ni yakuti.

Mama, nakujua. Muda huu ushaivua, uko nayo mdomoni. Irudishe kidoleni. Baba alisema ni yakuti, na iwe yakuti.

Mungu akitunze hicho kidole na mwenyewe.

Mwanao, Neema