Mashine Yako Imetulia, Baba Lusajo

Baba Lusajo,

Ukungu umeingia tena mpaka kibarazani, migomba huioni, na mimi nimekaa na mashine yako ya kushonea mablanketi kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Nakuandikia kwa sababu leo nimeigusa. Ndiyo, mimi mkeo, niliyekuwa nikiiita chuma chakavu.

Baada ya matanga wazee waligawa nguo zako. Ambakisye mdogo wako alipewa koti, mashati yakaenda kwa binamu zako kule Kyimo. Mama yako alikuwa amelala mgonjwa kule Ikuti, hakupata hata kitambaa. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono. "Ndaga kwa kuja, Mama Lusajo. Ila baridi hii, mwanangu angenifunika." Nikazunguka kwa ndugu zako kuomba, si nguo nzima, kipande tu cha kumshonea blanketi. Ambakisye alinung'unika weee, kisha akachukua wembe akatoa bitana yote ya koti. "Basi nitavaa baridi, shemeji. Mama ni mama."

Vipande nimeviunga kwa cherehani ya miguu. Ikabaki kushona maua juu yake, ili mashati, pamba ya katikati na bitana ya chini vishikane, na kazi hiyo ni ya mashine yako. Hapo niliogopa. Unaijua tabia yake: kila ikifika kona inashtuka, uzi unakatika, sindano inavuta kitambaa. Ikichana shati lako, nitapata wapi lingine?

Nakumbuka ulivyoiunda kwa mabomba ya chuma na mota za mashine mbovu ya fotokopi, ukaifunga kwenye kompyuta iongoze cherehani. Ulipoiwasha vikombe vilicheza kabatini, nami napiga kelele jikoni, "Nyumba itaanguka!" Ulicheka tu. Ulitaka wageni waone inavyokimbia. Siku moja tukimenya ndizi ulinieleza kwamba mwendo ni kitu kimoja, na jinsi mashine inavyouchukua huo mwendo ni kitu kingine. "Bodaboda aliyebeba mkungu wa ndizi," ulisema, "akichomoka ghafla, mkungu unabaki barabarani."

Leo nilitandika shuka kuukuu kwanza. Nikapunguza mwendo. Kazi ikawa ya kinyonga, na kona bado zikashtuka. Ndipo nikaukumbuka mkungu wako wa ndizi. Nikaurudisha mwendo, nikapunguza ile namba ya kuchomoka kwenye kompyuta. Nikajaribu. Nikapunguza tena. Nje ikaanza mvua ile nyembamba isiyo na haraka, na sijui kelele ziliisha saa ngapi. Sindano ikawa inaingia kona na kutoka polepole, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Nikasahau kwamba hakuna mkono unaoisukuma. Nilikuambia kwa sauti, mume wangu, usogee kidogo, unanizibia mwanga.

Kisha nikatandika mashati yako. Halikuchanika hata moja. Lile la samawati la kanisani limekaa katikati, na maua yamelizunguka vizuri.

Lakini nyumba ilikuwa kimya mno. Nilivitazama vile vikombe vimetulia kabatini, na nikaona sitaki vitulie. Basi nilipofika ukingoni, kwenye kitenge changu nilichozungushia, ambacho kikichanika, sokoni Tukuyu kipo kingine, nikarudisha namba zako zote. Ee bwana! Meza, dirisha, vikombe, vyote vikacheza. Uzi ukakatika, maua yakapinda. Nikapiga kelele kama zamani, "Nyumba itaanguka!"

Hakuna aliyecheka. Nililia mpaka mvua ikakatika.

Maua yale yaliyopinda sijayafumua. Kesho napeleka blanketi Ikuti, na nitamtandikia mama yako ukingo huo uwe kifuani. Akiuliza ni nani kashona ovyo hivi, nitamwambia ni mwanawe.

Lala salama, Baba Lusajo. Namba zangu nimezihifadhi kwa ajili ya kazi. Zako nazo zipo mle mle, kwa jina lako, na nakuahidi sitazifuta. Siku nikizidiwa na kimya, nitaiwasha kwa namba zako, na vikombe nitaviacha vicheze.

Mkeo,
Mama Lusajo