Mwali wa Kibamba Hajatoka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Picha iliyo upande wa pili ni ya bandarini, ila mimi niko Kibamba, kwenye matope, nikiwauliza Wazaramo kama wanakubali nguzo kubwa za umeme zipite katika ardhi yao.

Jana bibi mmoja alinikaribisha barazani kwa chai na muhogo wa kuchemsha. Njia ya nyaya iliyochorwa inakata chumba chake cha nyuma. Nilimweleza kila jambo, kisha nikamwuliza kama anaafiki.

"Zipite, mwanangu. Lakini humo nimemweka mwali, mjukuu wangu aliyevunja ungo. Hatoki mpaka tumcheze ngoma."

"Mtamcheza lini, bibi?"

"Tukishavuna mpunga. Hao wenye nguzo, kwao hawana mabinti?"

Sauti nyembamba ikatoka ndani: "Bibi, huyo mgeni anatuhamisha?"

"Nyamaza wewe. Anakunywa chai tu."

Fomu yangu ina visanduku viwili, ndiyo na hapana, na jibu lake halimo katika chochote kati ya hivyo. Mhandisi wa mradi anataka niweke alama kwenye ndiyo. Nikifanya hivyo, chumba kitabomolewa kabla ya mavuno. Tangu jana natembea huku na huku, kalamu mkononi. Asubuhi hii nimeviacha visanduku wazi na kuandika pembeni, kwa wino: "Baada ya mwali kutoka."

Mhandisi akikasirika, huenda nikarudishwa mapema. Nipokee bila maswali mengi. Msalimie mama, nawe ufunike kifua, maana baridi ya Mufindi naijua.

Mdogo wako,
Tumaini